Pahala pa Picha ya Mhitimu

Mwezi wa Novemba, mitihani ya kidato cha nne inapowadia, na mwezi wa Mei, inapowadia ile ya kidato cha sita, vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja hupata wageni wasiotoka ng'ambo ya bahari: vijana wa Kwahani, wa Fuoni, wa Bububu na wa mashamba ya mbali, waliovaa majoho ya kukodi juu ya sare zao nyeupe, wakifuatana na mama, shangazi, wadogo zao na mpiga picha mwenye mkoba begani, kutafuta pahala pa kupigwa ile picha ambayo, vyeti vikishapokewa na majoho yakisharudishwa kwa wenyewe, ndiyo itakayotundikwa sebuleni na kutazamwa na kila mgeni aingiaye.

Aghlabu msafara huo huishia Forodhani, au chini ya ukuta wa Ngome Kongwe, au mbele ya mlango wowote uliochongwa ambao umekwisha kuonekana katika picha za watalii, na kijana husimamishwa hapo kwa sababu moja tu, kwamba waliomtangulia nao walisimamishwa hapo. Sizibezi sehemu hizo, kwa kuwa ni fahari ya kisiwa chetu, na UNESCO iliuandika mji huu katika urithi wa dunia mwaka 2000 kwa haki yake. Ila nasadiki kwa dhati kwamba picha ya mhitimu ni hati ya ushahidi, na kwamba pahala pasipomjua kijana, hata pawe pazuri namna gani, hapawezi kumshuhudia.

Swali la pahala ni jipya kwetu, ijapokuwa picha zenyewe si mpya. Huko Marekani mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari ana desturi ya siku nyingi ya kumwita mpiga picha na kushauriana naye ni shamba gani, ufukwe gani au mtaa gani wa mjini utakaomfaa. Sisi tulikuwa na studio. Tangu karne ya 19 Unguja ilikuwa na wapiga picha wenye asili ya Goa, A. C. Gomes akiwa miongoni mwao, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, duka ambalo mwanawe Rohit alikuja kulishika baada yake, na ambalo limehifadhi sura za masultani, za maharusi na za watu wa mitaani kwa pamoja. Mombasa nako N. V. Parekh alianza kazi yake mwaka 1942. Katika studio hizo pahala palikuwa kitambaa: pazia lililochorwa nguzo au bustani, kiti cha mkono, meza yenye chombo cha maua, na mwenye duka ndiye aliyeamua mtu asimame wapi na aelekeze uso wapi. Hata wale wapiga picha wa kivuko cha Likoni, waliofanya kazi nje katika miaka ya 1990, walijenga vibanda vyao vya mapazia yenye meli, ndege na majengo ya nchi za mbali, wakampa msafiri wa feri safari asiyokuwa na nauli yake. Leo simu ya mkononi na kamera ya dijitali zimeliondoa pazia, na kazi aliyokuwa akiifanya mwenye studio imewaangukia mhitimu na mama yake, ambao hawakuwahi kufundishwa kuifanya.

Jambo la kwanza, basi, ni nuru. Kisiwa chetu kiko kama digrii 6 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Na hata katika Novemba, mitihani inapomalizika, jua la adhuhuri bado halijauacha mbali utosi, likatia vivuli vizito chini ya nyusi na pua, macho yakawa mashimo na kipaji cha uso kikang'aa kwa jasho. Mtu anayempeleka mwanawe ufukweni saa sita za mchana kwa kuwa ndio wasaa alioupata, ajue kwamba mchanga mweupe utaizidisha dhoruba hiyo ya nuru kutoka chini, na kijana atakunja uso katika kila picha. Saa za kheri ni baada ya alfajiri hadi saa mbili na nusu, na tena tokea saa kumi na nusu alasiri hadi jua kuzama.

Lakini Mji Mkongwe una kunga yake, ambayo wajenzi wake hawakuikusudia kwa ajili ya kamera. Nyumba zake za mawe ya matumbawe, zilizopigwa lipu ya chokaa, zimesongamana hata jua haliingii vichochoroni ila kwa muda mfupi, na wakati ambapo uwanja wa wazi hautazamiki kwa mng'aro, katika kichochoro nuru hupiga ukuta wa juu upande mmoja, ikarudishwa na kuangukia upande wa pili, laini, isiyo na kivuli kikali. Nilimtazama mpiga picha mmoja kijana akifanya kazi Kiponda, saa nne ya asubuhi. Binti aliyekuja naye alisimama kwanza katika ule mchirizi wa jua uliokuwa ukipita katikati ya njia, kwa kudhani kwamba penye jua ndipo penye picha. Mpiga picha, bila ya kusema maneno mengi, alimwomba asogee hatua mbili hadi kwenye kizingiti kilichokuwa kivulini, na kuuelekea ukuta wa mbele uliokuwa ukiwaka kwa jua, na papo hapo macho ya binti yakafunguka, na katika kila mboni ikaonekana nukta ndogo ya mwanga wa ukuta ule. Kisha kijana huyo akaikaribisha kamera kwenye shavu la binti, akapima nuru hapo, wala hakuipima kwenye ushungi. Hilo ni jambo dogo ambalo wengi hulikosa: sare zetu ni nyeupe, ushungi ni mweupe, kuta ni nyeupe, na kamera ikiachiwa ihukumu yenyewe huuona weupe huo kuwa ni nuru iliyozidi, ikaipunguza kwa wote, na uso wa mtoto mwenye rangi ya kahawia au nyeusi ukazama kizani. Baadhi ya wapiga picha huutafutia ubaya huo dawa baadaye, kwa kumpausha mtoto katika programu za kompyuta hadi nyanya yake asimtambue. Ninalichukia jambo hilo. Rangi ya kijana haina kosa, na palipopimwa nuru vizuri haihitaji kusahihishwa.

Mbele ya bahari hali hugeuka. Mji wetu unatazama magharibi, na bustani ya Forodhani, iliyotengenezwa mwaka 1936 kwa jubilei ya Sultan Khalifa bin Harub na kukarabatiwa na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan ikafunguliwa upya mwaka 2009, hupokea jua la alasiri waziwazi. Mhitimu akiipa mgongo bahari jua linapozama, hugeuka kivuli cheusi chenye kofia. Picha ya namna hiyo ina uzuri wake, lakini haina uso, na mzazi aliyelipa ada ya shule muda wote huo ana haki ya kuuona uso. Heri asimame kabla ya hapo, jua likingali mkono mmoja juu ya maji, akiielekea bahari kwa upande, ili nyuma yake zije kuta za Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17, ambazo saa hiyo hupata rangi ya asali. Baada ya hapo wauza mishkaki na maji ya miwa huwasha taa zao, vijana wa makachu huanza kuruka majini huku watu wakiwashangilia, na bustani huwa ya wote. Anayetaka utulivu amekwisha kuchelewa.

Hapo hapo Forodhani ndipo lilipo funzo kubwa kuliko yote katika suala hili, nalo ni jumba la Beit al-Ajaib. Sultan Seyyid Barghash alilijenga mwaka 1883, na mbele yake ulisimama mnara wa taa ambao mizinga ya Waingereza iliuharibu tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kwa muda usiotimia saa moja. Mnara wa saa uliokuja kuwa alama ya jumba hilo ulitiwa baadaye, na ule wa taa tunaujua sisi kwa sababu mtu fulani aliupiga picha. Kisha tarehe 25 Desemba 2020, jumba likiwa katika matengenezo, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa ilianguka na kuua watu wawili. Fikiri ni vijana wangapi wa skuli za Lumumba, Ben Bella na Haile Selassie waliowahi kusimama mbele ya roshani zile na majoho yao, wakitabasamu, bila ya kudhani kwamba picha zao zitakuja kuwa tarikhi ya jengo. Wengi wao walikuwa wakiitafuta sura yao tu, na ukuta ulikuwa nyuma kwa bahati.

Kwa ajili hiyo nawasihi wapiga picha wa leo wasiifuate sana ile mila ya kuifungua lenzi hadi mwisho ili kila kilicho nyuma ya mtu kififie na kuwa ukungu wa rangi. Ni mbinu nzuri, na uso hutoka ndani yake ukiwa safi. Lakini kijana aliyepigwa kwa namna hiyo Shangani hatofautiki na aliyepigwa Nairobi au Muscat. Miongoni mwa picha zote za siku hiyo na iwepo moja ambayo mtu na pahala vimeonekana kwa usawa, hata jina la duka lisomeke na nyufa za ukuta zihesabike, maana vitu hivyo ndivyo vitakavyotafutwa na watu ambao bado hawajazaliwa.

Ziko sehemu nje ya mji ambazo kila mtu huzitaja: Maruhubi, ambako nguzo za kasri la Barghash lililoungua mwaka 1899 zimebaki zimesimama zenyewe, na Mtoni, kasri la Sultan Seyyid Said, alikozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844, yule binti wa mfalme aliyeyaandika maisha yake mwenyewe. Zote mbili ni nzuri alasiri, zote zina kivuli cha miti na upepo wa bahari. Msitu wa Jozani una kijani kisicho na mfano, lakini chini ya miti mna kiza, na kima punju humvuta mtazamaji kuliko mhitimu.

Pahala ambapo mimi ningempeleka binti yangu ni Mbweni. Hapo, katika miaka ya 1870, wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walijenga skuli ya Mtakatifu Maria kwa ajili ya wasichana waliokombolewa kutoka katika majahazi ya biashara ya utumwa, na Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877, akaiongoza kwa miaka 25, akabaki Unguja hadi alipofariki mwaka 1926. Magofu ya skuli hiyo yamo leo ndani ya uwanja wa hoteli, na kwa hiyo hayaendewi bila ya idhini. Kuta hazina mapaa, mizizi imepenya katika mawe, na kwa kuwa hakuna dari nuru huteremka kutoka juu na kutulia ndani ya vyumba kama vile imechujwa. Wasichana walioletwa hapo walikuwa wametengwa na baba na mama, wengine hawakujua tena majina ya nchi zao, nao walikaa katika vyumba hivyo wakajifunza kusoma na kuandika, na baadhi yao wakawa walimu. Serikali yenyewe ilikuja kufungua skuli yake ya kwanza ya wasichana mwaka 1927. Binti wa leo wa kidato cha sita, Mwislamu au Mkristo, anayesimama mlangoni mwa darasa lile na cheti mkononi, ana kitu nyuma yake kilicho zaidi ya gofu zuri, maadamu amesimuliwa kabla ya kupigwa picha.

Kwa kiasi kile kile ambacho nampa shauri la Mbweni, ninamzuia na uwanja wa kanisa la Mkunazini, penye lile shimo la wazi lenye sanamu za watu waliofungwa mnyororo, lililotengenezwa na Clara Sörnäs wa Sweden mwaka 1998 karibu na pale lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Watu huenda hapo kusoma na kunyamaza. Nimewaona vijana wakirusha kofia zao juu kando ya sanamu zile, si kwa ubaya wa nyoyo zao, bali kwa sababu hakuna mtu mzima aliyewaambia. Na wapiga picha, ambao wanajua, ndio wanaostahili kuwaambia.

Na hapa tumeingia katika adabu, ambayo katika mji wetu haitenganishiki na kuchagua pahala. Mlango wa nakshi, wenye minyororo, samaki na maua ya yungiyungi, na ile miiba ya shaba ya mtindo wa Kihindi, ni mlango wa nyumba ya watu, na ndani yake huenda yumo mgonjwa, au mwenye eda, au mtoto aliyelala. Kupiga hodi, kutoa salamu, na kuomba ridhaa ya dakika kumi hakupunguzi kitu. Mara nyingi bibi wa nyumba hutoka mwenyewe, akampangusia mhitimu vumbi begani na kumwombea dua. Mabaraza nayo yana wenyewe. Wazee wa Jaws Corner wanaokunywa kahawa na kucheza bao si sehemu ya mandhari, na hawapaswi kuingizwa katika picha ya mtu bila ya kuulizwa. Wakiulizwa, wengi hukubali, na kijana wa mtaa ule ambaye wazee hao wamemwona tangu akipelekwa chuoni na juzuu yake kifuani hana mashahidi bora kuliko wao.

Kuna pia familia, na si chache, ambazo hazipendi binti yao asimame njiani akitazamwa na wapitaji, au picha yake isambae katika simu za watu wasiojulikana. Rai hiyo istahiwe, wala isichukuliwe kuwa ni kikwazo. Nyumba za Mji Mkongwe zina viwanja vya ndani, na nyumba za Ng'ambo na za shamba zina ua, na pahala hapo ni nje na ni ndani kwa wakati mmoja: mbingu iko juu, kuta ziko pande zote, na nuru huingia kutoka juu ikiwa imepozwa. Picha nzuri kabisa za wahitimu nilizoziona zilipigwa uani, kando ya mtungi na mti wa asumini, binti akiwa huru kucheka kwa kuwa waliomzunguka wote ni wake. Ni pahala palipompikia, palipomwona akisoma kwa taa umeme ulipokatika. Vivyo hivyo kijana aliyelelewa katika majumba ya Michenzani asione haya kupigwa picha katika ngazi zake na veranda zake ndefu, ambazo mistari yake iliyonyooka humpa mpiga picha hodari kazi ya kupendeza, eti kwa sababu hazimo katika kadi za watalii.

Kwa mhitimu wa pwani ya mashariki, wa Paje, Jambiani au Bwejuu, sioni maana ya kuja mjini. Huko jua huchomoza kutoka baharini, na asubuhi ni yao. Tena kilimo cha mwani, kilichoanza kwa biashara mwaka 1989, kimekuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa wanawake, na ziko ada na sare nyingi zilizotoka katika kamba zile zilizofungwa kwenye vijiti. Picha ya mhitimu na mama yake katikati ya shamba la mwani ingeniridhisha kuliko kasri lolote, lakini yahitaji kujua maji. Katika bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, wakati jua limekwisha kuwa kali, na ndipo kina mama wako kazini. Yanajaa alasiri kama saa kumi, na tofauti baina ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50, hata siku ya sita au ya saba baada ya mwezi mpevu maji hupwa alasiri, ila hayaendi mbali. Ashauriwe mvuvi kabla ya kuitwa mpiga picha, joho likunjwe mkononi hadi dakika ya mwisho, na viatu viachwe juu ya mchanga mkavu.

Mvua isiogopwe kupita kiasi. Novemba ni vuli na Mei ni mkia wa masika, na hatuwezi kuihamisha mitihani. Lakini mawingu mepesi ni pazia bora kuliko lolote lililowahi kuchorwa, na baada ya manyunyu kuta za mji hupata rangi zake zote, na mishelisheli ya mashamba hung'aa. Upepo wa kusi, ukianza mapema, ndio msumbufu zaidi, kwani hushika mtandio na joho pamoja.

Picha ikishapigwa, isiachwe ndani ya simu. Simu huibiwa, huanguka majini, hubadilishwa, na picha za mwaka jana zimekwisha kupotea kwa wengi wetu, ilhali zile za Oza za kabla ya Mapinduzi tunaweza kuzishika mkononi hadi leo. Ichapishwe japo moja kwenye karatasi nzuri, na nyuma yake, kwa wino usiofutika, yaandikwe jina la mhitimu, jina la skuli, tarehe, na jina la pahala hasa palipopigiwa, mtaa na nyumba ikiwezekana, pamoja na jina la mpiga picha; kisha nakala moja ipelekwe kwa mwenye nyumba aliyetoa ruhusa ya mlango wake.